Albamu ya Pepea: Kiporo au Utungo Mpya?

Penye wazee haliharibiki neno, walinena wahenga. Ajabu ni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunaoinukuu methali hii takriban katika kila insha, huisahau mara tunapoanza kuzungumzia muziki. Bendi ikishatimiza miaka ishirini jukwaani, hukumu yetu huwa tayari: imechuja, na albamu yake mpya ni kiporo kilichopashwa moto. Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo kwa kuirejelea albamu ya Pepea ya bendi ya Simba Wanyika, iliyotolewa nchini Uholanzi mwaka 1992.

Kwanza, historia kwa muhtasari. Simba Wanyika iliongozwa na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Baada ya kupigia Jamhuri Jazz ya Tanga na kisha Arusha Jazz, walihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 1978 bendi ilimeguka: mpiga gitaa la ridhimu Omar Shabani na baadhi ya wenzake waliondoka wakaunda Les Wanyika. Simba haikufa. Iliendelea kutunga na kurekodi, na redio ikaendelea kuisambaza.

Kwetu Bumula, ambako mtoto huamka na kulala kwa Lubukusu, redio hiyo ilikuwa mwalimu. Mjomba wangu hakupata kusoma riwaya hata moja ya Kiswahili. Hata hivyo, Kiswahili chake cha kubembeleza na cha kulalamika, ambacho ndicho kigumu zaidi, alikitoa katika rumba ya akina Kinyonga. Nadhani si yeye peke yake, toka Bungoma hadi Kitale.

Sasa turejelee Pepea. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ni nyimbo za zamani za bendi hiyo zilizorekodiwa upya. Hapa ndipo wakosoaji wanaposhika rungu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba msanii anayerudia kazi yake amekiri kuwa kisima kimekauka. Kwa heshima zote, napingana naye kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza inahusu chombo chenyewe. Nyimbo nyingi za enzi ile zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja haubebi zaidi ya dakika chache. Ikabidi wimbo ukatwe: maneno na mwendo wa pole upande wa kwanza, na magitaa yanayochemka upande wa pili. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kugeuza santuri katikati ya utamu. Sidii iliondoa kisu hicho. Kurudia wimbo katika chombo kipana ni kuurejeshea umbo ulilokuwa nalo ukumbini.

Sababu ya pili tunaifundishwa darasani. Je, si sisi tunaokariri kwamba utungo wa fasihi simulizi huzaliwa upya kila unapotendwa? Fanani akiirudia ngano mara kumi, hatusemi ameishiwa. Tunalinganisha matoleo na kuuliza kilichobadilika na kwa nini. Kwa nini basi tumnyime mwanamuziki haki tunayompa mtambaji? Sauti ya mtu wa makamo inapoimba lalamiko la mapenzi aliloliimba akiwa kijana, maneno yanaweza kubaki yale yale, ila anayelalamika ni mtu mwingine. Hiyo ni data ya kuhakikiwa.

Sababu ya tatu ni ya nyumbani. Miongoni mwa Wabukusu, mzee mwenye hadhi anapofariki, siku chache baada ya maziko hufanyika khuswala kumuse. Msemaji huzunguka uwanjani akieleza asili ya jamii, akisuluhisha, akionya na kufariji. Kazi hiyo hapewi kijana, hata awe na ulimi wa asali. Hadhira haimshutumu msemaji kwa kurudia historia aliyoisimulia kwenye matanga mengine. Imekuja kusikia atakavyoisimulia leo, mbele ya msiba huu. Kwetu, basi, uzee hauuzimi usanii wa neno, bali huupa idhini.

Sikatai kwamba upande wa pili una hoja. Albamu hii ililenga soko la Ulaya, na sidii ya kutoka ng'ambo haikuwa rahisi kumfikia mkulima wa miwa wa Bumula. Tena, usafi wa studio unaweza kuupunguza ule ukwaruzo wa santuri ambao wengi tuliuzoea na kuupenda. Hayo yajadiliwe, lakini yajadiliwe na watu waliosikiliza matoleo yote mawili.

Tatizo ni kwamba muda hautusubiri. Rolling Stones, waliotoa albamu ya Hackney Diamonds mwaka 2023 baada ya zaidi ya miaka sitini ya muziki, wana wahakiki na wahifadhi tele. Akina Kinyonga hawakuwa na bahati hiyo. George alifariki Desemba 1992, mwaka ule ule wa Pepea. Wilson akamfuata 1995. Lau rekodi ile ingeahirishwa kwa mwaka mmoja tu, tusingekuwa nayo. Tulichokiita kiporo kilikuwa karamu ya kuagana.

Wanafunzi wenzangu, likizo ijayo kila mmoja wetu atakwenda kwao. Tuchukue daftari. Tuandike maneno ya wimbo mmoja wa bendi kongwe katika matoleo yake mawili, tuyalinganishe, kisha tuyalete chamani. Na walimu wetu waturuhusu kuandikia tasnifu nyimbo hizo, jinsi wanavyoturuhusu kuandikia mashairi yaliyochapishwa. Mjomba wangu angali hai na angali anazikumbuka. Sijui nitamkuta mara ngapi zaidi.