Bakuli la Mtawa: Je, Kujitenga ni Ubinafsi?

Katika semina moja ya uzamili, mwenzetu aliyekuwa akihakiki mhusika aliyejitenga na jamii aliwataja watawa wa Kibuddha kuwa kielelezo cha ubinafsi uliokubuhu. Mtu anayewaacha wazazi na mke ili akakae chini ya mti, alisema, hana la kutufunza sisi tunaoamini kwamba mtu ni watu. Ukumbi mzima uliafiki. Nami niliafiki kwa kutikisa kichwa, kisha nikaenda kusoma. Makala haya ni namna ya kuungama.

Tuanze na neno, madhali sisi ni wanafunzi wa lugha. Tutamkapo 'upweke', aghalabu tunasikia huzuni ndani yake. Mpweke ni wa kuhurumiwa. 'Ukiwa' ni mzito zaidi. Hata hivyo, tunalo pia neno 'utawa', lenye asili ya kitenzi 'kutawa', yaani kukaa ndani pasi na kuonekana na watu, na ambalo limekuja kubeba maana ya uchaji. Mtawa hakuachwa na watu; amejiweka kando kwa kusudi. Yamkini mwenzetu alikuwa akimpima mtawa kwa mizani ya mpweke.

Ni kweli kuwa maandiko ya kale ya Kipali yanausifu upekee. Lipo shairi mashuhuri linalomhimiza mtawa aende peke yake mithili ya kifaru, au mithili ya pembe ya kifaru; wataalamu hawajaafikiana. (Mfasiri wa Kiswahili ana kibarua hapo: kifaru wa Bara Hindi ana pembe moja, ilhali wetu wana mbili, na taswira yote yaweza kuporomoka mbele ya msomaji wa Laikipia.) Lakini shairi lilo hilo linasema kwamba mtu akimpata mwandani mwenye hekima, basi na aandamane naye. Kuna pia kisa cha mtawa aitwaye Thera, aliyetembea peke yake na kuketi peke yake, tena akiyasifu maisha hayo. Habari zake zilipomfikia Buddha, hakumkemea. Alimweleza kwamba upo upekee uliokamilika zaidi: kuyaachilia yaliyopita, kutoyatamani yajayo, na kutotawaliwa na tamaa katika yaliyopo. Nionavyo mimi, maana yake ni kuwa mtu aweza kujifungia pangoni akiwa na umati mzima kichwani.

Hata hivyo, hoja yangu kuu haimo katika visa bali katika bakuli. Kwa mujibu wa kanuni za Watheravada, ambao ndio wengi nchini Sri Lanka, Thailand na Myanmar, mtawa haruhusiwi kula chakula ambacho hakupewa na mtu mwingine mkononi au bakulini. Haruhusiwi kuchimba ardhi, kuweka chakula cha kesho, wala kula baada ya adhuhuri. Tafakari matokeo yake. Hata watawa wa msituni, wafuasi wa Ajahn Mun (1870–1949) huko kaskazini-mashariki mwa Thailand, ilibidi wachague pango au mti ulio umbali wa kutembea kutoka kijijini, ili waende na bakuli asubuhi na kurejea. Kanuni hizo zingaliweza kumruhusu mtawa apande viazi vyake akajitegemea. Hazikumruhusu. Kila kukicha, upekee wake unavunjwa na njaa.

Na uhusiano huu si ule wa ombaomba na tajiri. Mtoaji hutarajia thawabu. Mtawa akikataa kupokea, anayenyimwa ni mtoaji. Hili lilidhihirika nchini Myanmar mnamo Septemba 2007. Baada ya wanajeshi kuwapiga watawa katika mji wa Pakokku, watawa walidai waombwe radhi. Siku waliyoiweka ilipopita bila jibu, waliingia barabarani, baadhi yao wakiwa wameyapindua mabakuli, ishara ya kuzikataa sadaka za watawala wa kijeshi na jamaa zao. Serikali ilijibu kwa risasi na kwa kuzivamia nyumba za watawa usiku. Nawauliza wahakiki wenzangu: mtu asiyehusiana na jamii anawezaje kuwaadhibu watawala kwa kukataa wali wao?

Nilipompelekea mwenzetu hoja hii, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani anayeamka kabla ya mapambazuko kuupika wali huo. Aghalabu ni mwanamke. Na nchini Thailand, agizo la mwaka 1928 liliwakataza watawa kuwapa wanawake daraja la utawa. Hapo nilinyamaza. Waama, watu waweza kufungamana na dhuluma ikawa ndani ya fungamano lenyewe. Lakini hiyo ni lawama tofauti na ile ya ubinafsi, nami naiona nzito zaidi, maana haiwezi kujibiwa kwa kuonyesha bakuli. Tumekubaliana kulirejesha suala hili katika semina ijayo: yeye ataleta habari za mpishi, nami za mlaji.