Vijana wa Eastlands njia panda kati ya jeshi na chuo

KILA makurutu wa jeshi wanaposajiliwa jijini Nairobi, vijana wa Kayole, Dandora, Umoja na Makadara huraukia uwanjani, vyeti mkononi. Wengi hawana kwingine pa kwenda. Lakini miongoni mwao wamo pia waliopata alama ya C+ na zaidi, ambao milango ya chuo kikuu iko wazi kwao.

Mtu akiwatazama juujuu atadhani wamepotoka. Katika mtihani wa KCSE wa 2024, ni watahiniwa 246,391 tu kati ya 962,512 waliofikia alama hiyo. Jeshi, kwa mujibu wa matangazo yake ya miaka ya karibuni, humpokea kurutu mwenye D. Mbona basi mwenye C+ avue viatu apimwe kimo kwenye foleni hiyo?

Jibu limo katika hesabu za mzazi. Chini ya utaratibu wa ufadhili uliozinduliwa 2023, serikali hutoa sehemu ya karo kwa kutegemea uwezo wa familia, sehemu nyingine ni mkopo, na inayosalia hutoka mfukoni mwa mzazi. Mahakama Kuu iliuharamisha mpango huo Desemba 2024, na mvutano ukafika Mahakama ya Rufaa. Kwa mama anayeuza mitumba Gikomba, mvutano huo una maana moja: hajui atadaiwa nini muhula ujao. Kurutu, kwa upande wake, hulishwa, huvishwa na hupata posho tangu siku za mafunzo kule Eldoret.

Kuna wakati vijana hawakuulizwa wachague. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga, wakiwemo wa kambi ya Eastleigh, walijaribu kuipindua serikali, na baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu wakajitokeza barabarani kuwaunga mkono. Kuanzia 1984 hadi 1990, waliofuzu kuingia chuo kikuu walilazimika kwanza kupitia Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Serikali ilitaka nidhamu, wala si mafunzo ya vita. Hata hivyo, mtoto wa Jericho na mtoto wa waziri walipiga gwaride pamoja. Leo anayepiga gwaride ni yule aliyekosa karo.

Tena sare hiyo si ya mapambo. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na shambulizi la El Adde la Januari 15, 2016, liliacha familia nyingi katika msiba. Anayejiunga kwa wito huwa amelipima hilo. Anayejiunga kwa sababu kodi ya nyumba imechelewa huenda hajalipima, na wazazi wake huenda wasithubutu kulitaja.

Jambo lisilozungumzwa sana vibarazani ni umri. Kurutu hukubaliwa akiwa kati ya miaka 18 na 26. Anayemaliza shule akiwa na miaka 18, akasoma shahada ya miaka minne, hata migomo ya wahadhiri ikimchelewesha mwaka mzima, bado anaweza kurudi uwanjani. Aliyesomea udaktari au uhandisi anaweza kuomba kuwa afisa mtaalamu hadi miaka 30. Naye mwenye B, akiwa na angalau C+ katika Hisabati na Kiingereza, anaweza kuomba nafasi ya kadeti badala ya kupigania ukurutu.

Kwa maoni yangu, mwenye C+ aanze na chuo. Jeshi litamsubiri, ilhali aliyekwisha kuvaa sare huhitaji ruhusa ya wakubwa kurejea darasani, na anaweza kuhamishwa kambi kabla ya muhula kwisha. Ushauri huu ni rahisi kuutoa. Katika nyumba ya chumba kimoja Dandora, ambamo wadogo zake watatu bado wako shuleni, miaka minne ya kusubiri ndiyo hasa isiyopatikana.