Ngazi zilizomshinda Mwingereza

MJI KASORO BAHARI
Safu ya kila wiki ya Hadija Mkude

Kwa bibi yangu Matombo, kwenye milima ya Uluguru, kulikuwa na neno ambalo hatukuruhusiwa kulitaja wakati wa kula: ngazi. Sisemi ngazi ya kupandia darini. Nasema ile inayokatwa shambani, mteremko ukafanywa vidato kutoka juu hadi chini. Tukiwa watoto tulidhani ni tusi. Nilipokua ndipo nikajua kwamba bibi alikuwa kigori wakati serikali ya mkoloni ilipoamuru mashamba ya mlimani yakatwe ngazi, na kwamba kovu la mguuni alilozikwa nalo lilikuwa la jembe la siku zile. Maisha yake yote, kila aliyefika uani kwake na maelekezo ya kilimo, awe bwana shamba au mwanafunzi wa utafiti, alipokewa kwa swali moja kabla ya kukaribishwa kigoda: "Nani kakutuma?"

Waingereza waliuita Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Kwenye karatasi haukuwa na kasoro. Mlima unamomonyoka, mito inajaa tope, basi watu wachimbe ngazi, waache kuchoma mashamba, wasilime kando ya vijito. Ila udongo wenye rutuba wa Uluguru mahali pengi ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi bila kuujali, unaufukia wenyewe na kuufunua ule mwekundu wa chini usiozaa kitu. Watu walichimba wakapanda, mavuno yakawa haba kuliko ya mwaka uliotangulia. Isitoshe, kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mtu baki akija kuamuru shamba likatwe hivi na vile, ni nani atakayekuhakikishia kwamba kesho hatadai ni lake? Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wenyewe ukafa naye.

Nimeanzia mbali kwa sababu leo nataka kumzungumzia mwanamke ambaye si Mluguru, na mwaka 1955 hakuwa hata amezaliwa. Alipanda milima hiyo hiyo akafundisha, pamoja na mambo mengine, ngazi zile zile. Watu wakachimba, na hapakuwa na askari nyuma yao.

Janet Maro alikulia shambani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Anayekifahamu kihamba cha Wachagga anajua ni shule ya namna gani: mgomba juu, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa, ng'ombe zizini, na samadi yake inarudi kwenye mgomba. Kutoka huko alikuja kusoma kilimo hapa kwetu Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Chuo hicho kilipewa jina la waziri mkuu aliyefia barabarani pale Dakawa, Aprili 1984, na kikawa chuo kikuu kamili miezi michache baadaye.

Kuna jambo ambalo wenyeji wa Morogoro tumelizoea mpaka hatulioni. SUA iko chini ya mlima. Kutoka madarasani unaiona miteremko iliyokwanguliwa, na jioni ya masika unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakishuka mtoni. Mtu anaweza kusoma pale miaka mitatu, akafaulu mtihani wa hifadhi ya udongo, akaondoka na shahada bila kukanyaga shamba la mkulima wa Towelo, kule mlimani. Maro hakusubiri shahada. Mwaka 2009, akiwa bado mwanafunzi, alianza na wenzake kazi na wakulima wa Uluguru, wakaiita Bustani ya Tushikamane. Mwaka 2011 yeye na Alexander Wostry, kijana kutoka Austria, walianzisha shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, ambalo mjini hapa kila mtu analiita SAT.

Mimi husimama kwenye lile jina la kwanza. Mashirika ya mazingira hupenda majina ya misitu, ya simba, ya dunia nzima. Hili lilijiita bustani. Mkulima mwenye robo eka iliyoegemea ukuta wa mlima, anayelima mboga ashushe mjini kwa bodaboda alfajiri, hana neno na bustani. Mwambie apande miti ili watu wa Dar es Salaam wapate maji, atakupa kiti, atakusikiliza kwa heshima, na ukishaondoka ataendelea na yake. Lakini mwonyeshe kwamba tope linaloshuka mtoni ni samadi yake mwenyewe, kwamba mboji na matandazo vinaweza kumpunguzia mfuko wa mbolea anaoukopa kila msimu. Hapo ataanza kuuliza maswali, na mkulima akianza kuuliza maswali kazi imekwisha kuanza.

Ndivyo ngazi zilivyorudi. Safari hii zilikuja pamoja na kitu ambacho Mwingereza alikisahau: chakula cha udongo. Ngazi inakatwa, udongo wa juu unawekwa kando kisha unarudishwa, samadi na mboji vinachanganywa humo, majani yanapandwa ukingoni kuushika. Kikundi kinachimba shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Jirani aliyekuwa anacheka anaona kabichi, anaacha kucheka. Tushikamane, maana yake ni hiyo.

Kutoka bustanini kazi ya Maro ilitanuka, na ukiifuata unaona akijibu swali moja baada ya jingine kadiri wakulima walivyoliuliza. Tutajifunzia wapi? Kikajengwa kituo cha mafunzo Vianzi, nje ya mji, kwenye tambarare kavu. Mkulima akiona mboga imestawi kwenye udongo wa namna ile, hana kisingizio cha kurudi nacho nyumbani. Mtaji? Vikundi vikafundishwa kuweka na kukopeshana. Nani atanunua? Likafunguliwa duka mjini, na wakulima wakaingia katika utaratibu wa kukaguana wao kwa wao, ili bidhaa zao zibebe alama ya Kilimohai bila kumlipa mkaguzi kutoka ng'ambo. Na aliye mbali? Lipo jarida la Mkulima Mbunifu, la Kiswahili, linaloeleza namna ya kutengeneza dawa ya mwarobaini kwa lugha ambayo bibi yangu angeielewa.

Swali gumu kuliko yote lilitoka bondeni. Mkoa wetu una jeraha la wakulima na wafugaji. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, waliuawa watu 38, na tangu hapo hatujapumzika. Kila mara tunaunda tume na kuchora mipaka. SAT iliwakalisha pamoja ikawauliza kila upande unatupa nini. Mkulima anachoma mabua baada ya mavuno, na mfugaji hana malisho kiangazi. Mfugaji ana kilima cha samadi zizini asichojua akifanyie nini, na mkulima ananunua mbolea. Sisemi kwamba biashara ya mabua na samadi imemaliza ugomvi wa mkoa mzima. Nasema ni vigumu kumpiga rungu mtu unayemdai mkokoteni wa samadi.

Najua wasomaji wangu. Kuna atakayesema Mkude leo amelipwa. Basi tuyaseme na yale mengine.

Mboji ina kazi. Kuigeuza, kuimwagia maji, kuibeba kichwani kupanda mlima, na mara nyingi kichwa chenyewe ni cha mwanamke. Nyanya isiyopigwa dawa ikifika sokoni inakaa kando ya ile iliyopigwa mara kumi, na mteja anachagua inayong'aa. Duka moja mjini haliwezi kununua mazao ya mlima mzima. Tena kazi hii imebebwa kwa sehemu kubwa na fedha za wafadhili wa Ulaya, Biovision ya Uswisi wakiwamo. Mfadhili ana haki ya kuchoka. Mlima ukimtegemea yeye, utachoka naye.

Hofu hiyo siiokoti hewani, tumekwisha kuiona. Upande wa Kibungo, kwenye vyanzo vya mto Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kujaribu jambo la akili sana: wanaotumia maji huko chini wamlipe mkulima wa juu anayetunza udongo. DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na Coca-Cola Kwanza walikubali kulipa. Wakulima wakachimba ngazi, wakapanda miti, wakapokea malipo. Kisha mradi ukafika mwisho, kama miradi inavyofika, na wazo lile halikugeuka kuwa desturi ya nchi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia waanzilishi kama Maro kwenye makongamano. Tunapenda kumsifu mtu mmoja ili tusiulizwe sisi wengine tunafanya nini. Serikali ilifanya sehemu yake kule juu: mwaka 2008 misitu ya Uluguru iliunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 24,000, na ndani yake kuna ndege ambaye hajapata kuonekana popote duniani ila kwenye milima hii. Nafurahi ndege huyo ana mlinzi. Lakini maji yanayotoka msituni yakiwa meupe hupita kwanza mashambani kabla ya kufika bomba la Dar es Salaam, na hapa kwetu hupita mashambani kabla ya kuingia bwawa la Mindu. Bikoni za hifadhi zinaishia pale shamba linapoanza. Kuanzia hapo mlinzi wa maji ni mkulima, na huyo hana sare wala mshahara.

Mwanafunzi mmoja aliliona hilo mwaka 2009. Sisi tunaolipa ankara ya maji kila mwezi bado hatujaliona. Novemba 2023 nchi ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa kilimo hai. Ni jambo jema, nami nilisoma habari za uzinduzi wake kwa matumaini. Ila mkakati hauchimbi ngazi. Ombi langu ni dogo na linahesabika: sehemu ya kila ankara ya maji, Morogoro na Dar es Salaam, hata iwe shilingi chache, ipande mlima, imlipe afisa ugani anayejua mboji na kikundi kinachochimba. Tusingoje mfadhili achoke. Maro na wenzake wameshatuonyesha kwamba inawezekana, na kuonyesha njia ndiyo kazi ya mwanzilishi. Kuitembea kwa miaka hamsini ni kazi ya nchi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Aliyetoka Kilimanjaro alikuja, na sehemu yetu ya methali hiyo bado tunadaiwa.

Masika yaliyopita nilikwenda Matombo. Binti wa mdogo wake bibi, yule tunayemwita mjomba, sasa ndiye anayelima kipande cha bibi, na alikuwa shambani na wanawake wanne wa kikundi chake. Walikuwa wamefunga vijiti vitatu kwa umbo la herufi A, jiwe likining'inia katikati kwa kamba, wanapima usawa wa mteremko. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Vianzi. Walijifunza kwa wanawake wa kijiji cha pili, ambao nao walijifunza kwa wengine. Walipochimba kidogo jembe liligonga ukingo wa zamani, umejaa nyasi na mizizi: ngazi ya miaka ile, iliyolala chini ya shamba la bibi siku zote hizo. Wakaifuata kama mtu anavyofuata nyayo, wakaanza kuishindilia samadi.

Mjomba alikuja na mkongojo wake, akasimama kivulini mwa mwembe. Ni mzee sasa, na risasi za Matombo alizisikia akiwa mtoto. Aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya dada yake marehemu:

"Nani kawatuma?"

Binti yake hakuinua kichwa. "Hakuna aliyetutuma, baba," alisema. "Udongo ni wetu."

Mzee akavuta kigoda akakaa, akawaonyesha kwa mkongojo ukingo wa zamani ulikopita.