Bunduki Ndani ya Nyumba? Mie Nimesema Hapana



Mwezi uliopita, saa nane za usiku, watu walikata wavu wa dirisha la chumba ninachoshonea. Wakabeba pasi na mashine ya ovaloki, kazi za watu za Idi wakazikanyaga sakafuni. Mie na wanangu watatu tuko chumba cha pili, baba yao yuko Maskati kikazi. Asubuhi mjomba akaja: "Omba leseni mwanangu, ununue bunduki ya marisau. Haitaki shabaha hiyo, unafyatua tu, yanatawanyika."

Sikumbishia, naye si mtu wa kusema ovyo, aliwahi kulinda ghala. Lakini hilo la shabaha si kweli. Marisau yakitoka mtutuni hayafunguki kama mwavuli. Kwa masafa ya chumba changu, hatua nne tano, yanakwenda karibu pamoja, upana wa kiganja au pungufu. Ukikosa umekosa, na yaliyokosa hayasimami kwenye mlango wa plaiwudi. Nyuma ya mlango huo ndiko wanakolala wanangu.

Na kuitunza je? Bunduki ifungiwe, risasi zikae mbali nayo. Haya, umeme umekatika, mwizi yuko ukumbini, mie napapasa funguo mbili! Nikiiweka chini ya godoro imeshajaa, mwanangu wa miaka sita, anayeufukua hata mkasi niliouficha, ataifikia kabla ya mwizi.

Msinambie naogopa kwa kuwa mwanamke. Hapa hapa Kidichi Sayyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, na bibi huyo alipenda farasi na kuwinda. Ila yeye alitoka na wahudumu kila upande. Mie niko peke yangu na kanga yangu.

Dini yetu haikutunyima kujitetea. Anayeuawa akitetea mali yake amehesabiwa shahidi. Lakini Mtume (s.a.w.) alitukataza pia kumwelekezea ndugu silaha, shetani asije akauvuta mkono. Gizani nitamjua vipi ndugu? Shemegi yangu hurudi usiku kutoka Darajani na hupitia mlango wa uani.

Basi pesa nimezipeleka kwa fundi wa vyuma. Madirisha yote yametiwa nondo, mlango wa chumba tunacholala una komeo la chuma kwa ndani, na taa ya sola inawaka uani. Simu inalala kando yangu, namba 112 wanangu wameihifadhi kichwani. Kwa sheha nimekwenda, na majirani watano tumenunua filimbi: ikilia moja, wote tunawasha taa na kupiga kelele.

Mjomba bado ananuna. Lakini lile komeo kalifunga yeye mwenyewe, na kalijaribu mara tatu kabla hajanywa chai.