MKEKA WA MECHI KUMI



Wawakilishi wetu wa kazini wametuomba tuseme neno juu ya kamari ya mpira, na hasa ile iitwayo mkeka. Siku ya mshahara ikiangukia karibu na Jumamosi, maongezi ya saa ya chakula huwa ni ya Arsenal na Manchester United, na karibu kila mtu ana simu mkononi akipanga mechi zake. Hatuandiki ili kumtukana mtu. Sheria inamruhusu mtu mzima kubeti, na fedha ya mfanya kazi ni jasho lake mwenyewe. Lakini chama kinachodai nyongeza ya mshahara hakiwezi kunyamaza mshahara huo ukipotelea njiani kabla haujafika nyumbani.

Kwanza tuseme haki. Mkeka una mvuto wake. Mtu akibeti mechi moja kwa 50/-, hata akishinda faida yake ni ndogo. Lakini akiunganisha mechi kumi, malipo ya mechi ya kwanza huzidishwa kwa ya pili, kisha kwa ya tatu, mpaka ya kumi, na 50/- huonekana kama mlango wa maelfu. Tena wapo walioshinda kweli. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alikisia sawasawa matokeo ya mechi 17 akapata zaidi ya shilingi milioni 221. Kwa mtu ambaye mshahara wake umekwisha tarehe 15, hadithi kama hiyo si ndogo. Hatushangai kwamba anajaribu.

Sasa na tufanye hesabu, maana wenye kampuni wameifanya zamani.

Chukua mechi ambayo nafasi ya kushinda na ya kushindwa ni nusu kwa nusu. Malipo ya haki yangekuwa mara mbili ya dau. Kampuni haitoi mara mbili. Tuseme inatoa 1.90. Katika kila 100/- imebakiza 5/-. Hiyo si nyingi, na kampuni lazima iishi. Lakini katika mkeka, fungu hilo la kampuni nalo huzidishwa kila unapoongeza mechi. Kwa mechi kumi za namna hiyo, nafasi yako ya kupata zote ni moja katika 1,024. Dau la 50/- lingestahili kulipwa 51,200/-. Wewe utalipwa kama 30,650/-. Maana yake, katika kila 100/- zinazowekwa kwenye mikeka ya namna hii, 40/- zinabaki kwa kampuni. Kwa hiyo mwenye kamari hufurahi sana unapoongeza mechi, na mara nyingine hukuahidi hata zawadi kwa kufanya hivyo.

Wengine watajibu: "Mimi sibahatishi, nachagua timu kubwa tu." Haya, tuchukue timu kubwa kumi, kila moja ina nafasi 80 katika 100 ya kushinda. Ukiziweka zote katika mkeka mmoja, nafasi ya zote kushinda pamoja haifiki 11 katika 100. Timu tisa zinaweza kukutii, na ya kumi ikauchana mkeka wote. Tarehe 22 Novemba 2022, katika Kombe la Dunia, Argentina ilifungwa na Saudi Arabia mabao 2 kwa 1. Argentina hiyo hiyo ndiyo iliyolitwaa kombe mwezi uliofuata. Aliyeiweka katika mkeka wake siku ile hakukosea kwamba ni timu nzuri, lakini fedha yake ilikwenda.

Na tutazame mwaka mzima. Wafanya kazi 100 waweke 50/- kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, kwa mkeka ule wa kwanza. Kila mmoja atatoa 1,300/- kwa mwezi, yaani 15,600/- kwa mwaka. Mwisho wa mwaka, kwa kawaida ya hesabu, watu 74 hivi hawatakuwa wameshinda hata mara moja. Watu 26 hivi watakuwa wameshinda, na hao ndio tutakaowasikia kazini, kwa sababu aliyeshinda hupiga kelele na aliyepoteza hunyamaza. Wote 100 kwa pamoja wametoa 1,560,000/-, na zaidi ya 600,000/- haitarudi kwa yeyote kati yao.

Tena hapo hatujataja kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa fedha unayoingiza katika akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine kwa fedha unayoitoa.

Hata hivyo, hasara ya 50/- si ndiyo inayovunja nyumba. Kinachovunja nyumba ni kufukuza hasara. Mtu amepoteza 50/-, anaweka 200/- ili airudishe. Ameipoteza, anakopa kwa simu, na mkopo wa simu una gharama yake iwe mkeka umeshinda au umechanika. Kisha ni kodi ya nyumba, kisha karo ya mtoto. Mwakilishi wa chama anapoletewa shauri la mtu aliyegusa fedha ya kazi, kazi yake ya kumtetea huwa ngumu sana.

Basi shauri letu ni hili. Anayetaka kubeti kwa kujifurahisha na aweke fedha ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa, na aihesabu kama bei ya tikiti ya kuingia uwanjani. Asikope. Asifukuze hasara. Apunguze mechi katika mkeka badala ya kuziongeza. Na aliyekwisha naswa na deni asijifiche. Aende kwa mwakilishi wake mapema, wala hatachekwa.

Kuna na njia nyingine ya zile 50/-. Aliyeziweka katika chama cha akiba na mikopo, mwisho wa mwaka ana 15,600/- zake mwenyewe, na faida yake ikigawiwa. Vyama vingi humkopesha mwanachama mwenye wadhamini hadi mara tatu ya akiba yake, yaani 46,800/-. Mkopo ni deni na utalipwa, lakini wote 100 wanaweza kuupata, si 26, na kiasi chake kinapita malipo ya mkeka ule wa mechi kumi.

Mwisho, tusisahau chanzo. Mtu ambaye mshahara wake unatosha hatafuti karo ya mtoto katika mguu wa mchezaji wa Uingereza. Wanaosema wafanya kazi ni wajinga kwa kubeti yafaa watazame kwanza karatasi za mishahara. Lakini nyongeza haikisiwi. Hudaiwa mezani, na nguvu ya mezani hutoka kwa wanachama wanaolipa ada na kuhudhuria mikutano. Katika mkeka mmoja hushinda kwa sababu wengi wamepoteza. Nyongeza ya mkataba humfikia kila mtu aliye katika orodha, hata yule ambaye mwaka mzima hakubahatika katika jambo lolote.

Mkutano ujao jambo hili litawekwa mbele yenu. Njoni mseme yaliyo moyoni.

UMOJA NI NGUVU.