Acheni Kumshusha Mpiga Besi

Mshairi akiingia studio na bendi, haipiti nusu saa kabla hujasikia ombi lile lile: "Shusheni muziki kidogo, maneno yasikike." Linasemwa kwa upole, fundi mitambo anaitikia kwa kichwa, mkono unashuka, na rekodi inafia hapo hapo. Waombaji wanaamini kwamba ushairi unapokutana na jazz, shairi ndiyo kazi yenyewe na muziki ni pambo la nyuma. Wengi wetu tumeipokea imani hii bila kuihoji. Mimi naiita uvivu uliovaa joho la heshima kwa maneno.

Ushahidi bora ninaoujua ni wa mtu mmoja aliyejaribu njia zote mbili. Mwaka 1958 Jack Kerouac, ambaye riwaya yake ya On the Road ilikuwa imeshampa jina Marekani nzima, alirekodi santuri mbili za mashairi chini ya prodyuza mmoja, Bob Thiele. Zote zilitoka 1959. Katika Poetry for the Beat Generation, Kerouac anasoma na Steve Allen anapiga piano. Allen alikuwa mtangazaji mashuhuri wa televisheni na mpiga piano mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoponza kazi: anapapasa piano kama mhudumu wa hoteli anayeogopa kuwaamsha wageni. Kerouac anakwenda mbio zake, piano inakwenda zake. Ing'oe, weka piano nyingine yoyote, na shairi halitashtuka.

Kisha sikiliza Blues and Haikus. Piano ya heshima ya Allen haipo. Wapo wapiga saksafoni wawili, Al Cohn na Zoot Sims. Kerouac anatamka shairi la pumzi moja, ananyamaza. Saksafoni inalijibu. Anatamka jingine, ya pili inajibu, safari hii kwa kejeli kidogo. Hakuna aliyeshushwa ili mwenzake asikike. Maneno machache yanapata uzito kwa sababu mtu mwingine ameyapokea, akayageuzageuza mbele ya masikio yetu, akayarudisha yakiwa na maana ambayo mshairi hakuiandika. Inasimuliwa kwamba kazi ilipokwisha Cohn na Sims walikwenda zao baa bila kusubiri kusikiliza walichorekodi, na Kerouac akaumia sana. Wanaodai kuwa wanajazz na washairi hawapikiki chungu kimoja wanakipenda mno kisa hiki. Mimi ninasikiliza santuri, sisikilizi kisa.

"Lakini maneno kweli hayasikiki!" Wakati mwingine, ndiyo. Saksafoni ya tena inaimba eneo lile lile la sauti ya mwanamume anayezungumza, kwa hiyo ukiwaachia wote wawili watamke kwa pamoja, watakanyagana. Besi iko chini zaidi, matoazi yako juu zaidi. Hao hawagombani na mtu. Basi dawa ni kupanga zamu: nani aseme, nani angoje, nani aingie mshairi anapovuta pumzi. Kazi hiyo inaitwa mazoezi, na hapo ndipo washairi wengi wanapokimbia. Mshairi anakuja siku ya kurekodi na karatasi yake (siku hizi na simu), hajui bendi inaanzia wapi wala inageukia wapi, kisha anawaambia, "Ninyi pigeni chochote tu." Wakipiga chochote, analalamika kwamba wamemmeza.

Mshairi Jayne Cortez hakuwa na mchezo huo. Aliunda bendi yake mwenyewe, Firespitters, mwanawe Denardo Coleman akiwa kwenye drams, akaiongoza kama kiongozi yeyote wa bendi. Ukimsikiliza katika There It Is ya 1982, anarudia kauli kama mpiga ala anavyorudia kipande chake, akiikaza kidogo kila mara. Humsikii akiomba nafasi. Anaingia kama mwanabendi.

Tuje kwa Gil Scott-Heron, maana yeye anaivunja kabisa imani hii ya muziki kuwa pambo. Shairi lake mashuhuri kuhusu mapinduzi na televisheni alilirekodi kwanza mwaka 1970 akisindikizwa na ngoma tu, na mwaka uliofuata akalirudia na Ron Carter kwenye besi, Hubert Laws kwenye filimbi na Bernard Purdie kwenye drams. Prodyuza ni Thiele yule yule. Kama kila ala inayoongezwa inalifukia neno, toleo la pili lingekuwa kaburi. Kumbe ndilo lililozunguka dunia. Besi inarudia mstari wake bila kuchoka, msemaji anapata pa kukanyaga na hana haja ya kufoka. Filimbi inamchokoza. Kejeli ambayo katika toleo la kwanza ilifunikwa na hasira sasa inasikika neno kwa neno.

Na kama bado mtu anashikilia kwamba neno ndilo bwana, amuulize John Coltrane. Desemba 1964 alirekodi A Love Supreme, na sehemu ya mwisho, Psalm, inafuata shairi aliloliandika mwenyewe na kulichapisha kwenye jalada. Hakuna anayelisoma. Coltrane analipiga kwa saksafoni, silabi kwa silabi, na ukishika jalada mkononi unaweza kufuatisha maneno kwa kidole. Tumshushe nani hapo?

Inanishangaza zaidi imani hii inapotoka kinywani mwa Mswahili. Katika taarab ya asili, mwimbaji akimaliza ubeti anatulia, fidla na kanuni zinaingia, na hakuna mama aliyewahi kuinuka kwenye kiti kudai fidla zipunguzwe. Watu wanayatafuna mafumbo ya ubeti uliopita, wengine wanasogea kutunza. Bendi zetu za dansi zilizojiita Jazz, Morogoro Jazz na wenzao, hazikupiga jazz ya New York hata kidogo, lakini waimbaji wake walijua kuyapisha magitaa. Mshairi wa leo amelelewa na hayo yote, ila akishika maiki anataka ukimya wa maktaba.

Imani hii ina faida kwa mwenye mfuko. Muziki ukishakuwa pambo, mpiga ala analipwa ujira wa siku, jina lake halionekani popote, na mwakani nafasi yake inachukuliwa na kipande kilichopakuliwa kwenye kompyuta. Tayari tunazisikia kazi za namna hiyo, zikiuzwa kama ushairi na jazz, ndani yake kukiwa na mshairi na mashine isiyomsikia.

Mshairi anayetaka maneno yake tu ndiyo yasikike ana haki yake. Arekodi bila bendi. Itampunguzia gharama, na mpiga besi atapata jioni ya kwenda kupiga mahali anapohitajika.