Mbele ya kwenda ku maulizo ya kazi

Ku milango ya kampani za madini, toka Likasi mpaka Fungurume na Kolwezi, tunasikia vijana wakisema neno moja: «Maulizo ni teatre tu. Fasi zilikwisha kuuzwa.» Baba nyumbani anaitika na kichwa. Mama anaongeza: «Tafuta mutu wako mule ndani.» Basi kijana anaitwa kwa telefone aje siku ya tatu saa mbili asubuyi. Anaazima shimizi ya kaka yake, anaenda mikono mitupu, anakaa ku kiti, anajibu «ndiyo patron» mara kumi, anarudi. Wiki mbili zinapita, telefone hailie. Anasema: «Niliwaambia.»

Sisi watu wa sendika hatutasema kama huyo kijana anadanganya. Fasi zinauzwa, na tutarudilia hilo neno hapa chini. Lakini hapana fasi zote. Kamio ya kubeba mawe mu kalieri ni mali ya feza nyingi sana, na mwenye mali hapendi kuipatia mutu kwa sababu tu alilipa. Siku ile inapinduka, anapoteza kamio, kazi inasimama, na mara nyingine mutu anakufa. Ndiyo maana ku kazi za ufundi wanauliza kweli. Tena kuko sababu ya pili, ambayo wengi hawaione: ile maulizo (kwa Kifaransa wanasema entretien) haiamue tu kama utaingia. Inaamua utaingia kama nani.

Tueleze vizuri. Mu inchi yetu watumishi wanapangwa kwa kategori: manevre, mutumishi spesialize, semi-kalifie, kalifie, kalifie sana, kisha metrise na kadre. Mushahara unafuata kategori. Na kategori wanaiandika mu kontra kufuatana na yale umesema na yale umeonyesha siku ile. Kijana mumoja alikuja ku ofisi yetu. Ni sudere, alishika posti ya kusudere miaka mingi mu atelie za watu. Ku maulizo ya kampani moja ya sutretansi walimuuliza: «Unajua kazi gani?» Akajibu: «Mimi naweza kazi yote, patron.» Alizania ni jibu la mutu wa bidii. Wakamwandika manevre. Leo anasudere kila siku, na mushahara ni wa mwenye kubeba pele. Alipolalamika wakamuonyesha karatasi: ni wewe mwenyewe ulisema, ni wewe mwenyewe ulitia sinyatire.

«Naweza kazi yote.» Hilo neno liue mu midomo yenu. Mwenye kukuuliza anasikia hivi: huyu hana kazi anayoijua.

Wazee wasiwalaumu watoto juu ya hiyo. Wao wenyewe hawakupita mu maulizo. Zamani za Union Minière, ile iliyoanza mu 1906, na nyuma yake Gécamines, kisha serikali kuichukua mu 1967, mutoto wa mutumishi alizaliwa ku hospitali ya kampani, akasoma ku masomo ya kampani, akala posho ya kampani, akaingia mu atelie. Walijua jina la baba yake na matrikile yake. Nani angemuuliza «jielezee»? Wakubwa walizoea kusema kazi njo mama, njo baba, na ilikuwa kweli kabisa, maana kazi yenyewe ilikulea. Hiyo dunia ilivunjika. Mu 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile waliita «départ volontaire». Nyuma ya Kodi ya madini ya 2002 zikaja kampani za kigeni, na nyuma ya kampani zikaja sutretansi, moja juu ya nyingine. Baba aliyetumika miaka 30 anaweza kufundisha mutoto wake kufungua motere na kuirudisha. Namna ya kukaa mbele ya mutu wa Ofisi ya watumishi asiyejua hata kama kuko mutaa unaitwa Gécamines, hiyo hakufundishwa na mutu.

Basi wanauliza nini? Inategemea kazi, na hapa ndipo wengi wanapoteza wakati: wanakariri majibu ya Kifaransa ya jumla, «mimi ni mwenye nguvu, ninapenda kazi ya ekipe», na wanasahau kazi yenyewe.

Kama unaomba kuwa shofere wa kamio kubwa, watakuuliza unafanya nini mbele ya kuwasha motere. Jibu la «napanda, nawasha» limekumaliza. Shofere wa kweli anazunguka kamio kwa miguu: pneu, mafuta chini ya motere, taa, kiolo, ngazi, estenteri, hakuna mutu ao gari ndogo nyuma. Kisha anapanda, anafunga mukanda, anajaribu freni, usukani, klaksoni na kengele ya kurudi nyuma. Anaandika mu fishi. Kisha watakuuliza: unatelemuka mu rampe na muzigo, freni inakataa, unafanya nini? Wengine wanajibu «naruka». Usiruke. Unatumia freni ya pili na retardere, unaita kwa radio ili wengine watoke mu njia, unaegemeza kamio pole pole ku ukuta wa udongo wa pembeni ao ku njia ya kusimamisha kama iko. Mwenye kuuliza hatafuti Kifaransa kizuri. Anatafuta kujua kama mu akili yako ulikwisha kuiona hiyo hali.

Kama ni elektrisie, neno la kwanza ni kukata na kufunga: unakata umeme, unatia kadena yako mwenyewe, funguo inabaki mu mufuko wako, unatia etiketi na jina lako, kisha unapima kama kweli hakuna umeme mbele ya kutia mukono. Ku uzini wa hidrometalirji watakuuliza juu ya asidi. Asidi ndiyo inaingia mu maji, pole pole. Maji hayaingie mu asidi hata siku moja. Na sudere ajue kusema elektrodi gani kwa chuma gani, na kwamba mbele ya kuwasha moto anaomba karatasi ya ruhusa, anatosha vitu vyenye kuwaka, anaweka estenteri karibu.

Haya yote mengi wenu munayajua. Shida ni kuyasema. Kwa hiyo siku mbili mbele, mukae na mutu wa kazi hiyo, hata jirani, akuulize na wewe ujibu kwa sauti. Mama ya nyumba anaweza kuuliza pia, hata kama hajui jibu: atasikia pale unaanza kuzunguka-zunguka. Ujifunze hadisi moja ya kweli ya kazi yako: ilikuwa wapi, mashini gani, nini iliharibika, wewe ulifanya nini, ikaishia wapi. Dakika mbili, hapana zaidi. Kwa mwenye kuuliza hadisi moja kama hiyo inapita diplome tano za kufotokopie.

Tunasema diplome, tuseme pia juu ya zile za kununua. Munajua mahali zinapigwa. Mutu anaingia na sirtifika ya mukaniki, wanamupeleka mu atelie, wanamupatia funguo, na mu dakika kumi kila kitu kiko wazi. Afazali useme «sina diplome, lakini nilitumika miaka sita mu garaje, munijaribu». INPP inafundisha kazi za mikono, na iko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Sirtifika yake haioneshe haya ukiulizwa.

Luga. Mwenye kuuliza anaweza kuwa Muchina na mufasiri, ao Mzungu wa Afrika ya Kusini, ao ndugu yetu wa Kinshasa anayechukia Kiswahili. Kama Kifaransa chako ni kifupi, sema kifupi. «Nimeelewa», «sijaelewa, naomba urudilie». Watu wengi wanaona haya kusema hawajaelewa, wanaitika tu. Lakini mu kalieri mutu anayeitika bila kuelewa ndiye anayebaki mu eneo wakati wa kupasua mine. Mukubwa mwenye akili anajua hiyo, na swali lako halitamukasirisha. Na kama lilimukasirisha, umejua mapema unaenda kutumika kwa nani.

Sasa ile neno ya feza. Kuko wenye kuomba mutu atoe mushahara wa miezi miwili ao mitatu ili jina lake liingie. Familia inauza loti, ao inakopa ku banki Lambert. Hatuwahukumu, njaa inajua sababu zake. Lakini tuhesabu pamoja. Wewe umelipa, umeingia na jaribio. Yule aliyekuuzia fasi, mara nyingi ndiye anaandika ripoti ya jaribio yako. Akikufukuza, anaiuza fasi tena. Utalalamika kwa nani, na utasema nini? Mu sendika tunaweza kutetea mutu aliyefukuzwa bure, lakini mutu aliyenunua kiti chake, wakili wa kampani anamufunga mudomo kwa swali moja. Hakuna kifungu cha Kodi ya Kazi kinachosema mutumishi analipa ili atumike. Wakikuomba, shika jina, siku na saa, kisha uje.

Kwa dada zetu na mabinti wetu, kwa sababu sasa wanaendesha kamio na wanapima mawe mu laboratwari: kifungu cha 128 cha Kodi ya Kazi kinakataza kumuomba mwanamuke anayetafuta kazi afanye tesiti ya mimba ao alete karatasi ya kuonyesha kama ana mimba ao hana. Wakiuliza «utazaa lini?», unaweza kujibu kwa heshima: «Niulize juu ya kazi, papa, nitakujibu yote.» Baba na mume wasiseme nyumbani kwamba hilo ni jibu la kiburi.

Ku mwisho wa maulizo watasema: «Uko na swali?» Usiseme hapana. Uliza nani atatia sinyatire ku kontra yangu: kampani yenyewe ao sutretansi? Kategori gani? Nitaandikishwa ku CNSS? Matunzo ya hospitali ni kwa mimi tu ao na bibi na watoto? Jaribio ni muda gani, na imeandikwa? Haya maswali hayafukuze mutu. Tumeona mara nyingi shefu wa watumishi akikaa wima anaposikia swali la kategori, maana anaelewa huyu alitayarisha.

Usiulizwe kama uko mu sendika. Sheria inakataza patron kusema utapata kazi ukiingia ao usipoingia mu sendika. Wakiuliza, jibu kwamba unakuja kutumika.

Na ukikubaliwa, soma. Kama hujui kusoma Kifaransa vizuri, omba kopi, lete kwa delege ao kwa mwalimu wa mutaa mbele ya kutia sinyatire. Kontra isiyoandikwa, sheria inaihesabu kuwa kontra bila mwisho, mpaka patron aonyeshe kinyume. Wewe wa kuitwa siku kwa siku, andika siku zako mu kaye: ukifikisha siku 22 za kazi mu miezi miwili, na wakikuita tena mbele hiyo miezi miwili haijaisha, ile kazi mupya inahesabiwa kontra bila mwisho. Ile kaye imetusaidia mbele ya inspekta wa kazi kuliko maneno mengi.

Jaribio nayo inapashwa kuandikwa. Kifungu cha 43 kinasema haipite miezi sita, na kwa manevre asiye na ufundi haipite mwezi mumoja. Kwa hiyo angalia vizuri ile karatasi. Kama juu wameandika «manevre» na chini wameandika «jaribio miezi sita», hayo mambo mawili hayawezi kukaa pamoja ku kontra moja: ao wewe ni fundi na wakulipe ya ufundi, ao jaribio yako inaisha mwezi ukiisha. Leta hiyo karatasi ku ofisi ya sendika siku ile ile, usingoje mwezi wa tano.